Mshenga Mwenye Sazi: Safari ya Kumfuata Somoe Kitaya

Jamaa zangu wa barazani, kila mmoja wenu ameniuliza ilikuwaje, nami nimemjibu kila mtu kwa kadiri ya haraka niliyokuwa nayo. Matokeo yake hapa Ufukoni sasa kuna habari nne za safari moja, na katika mojawapo nimeliwa na mamba. Basi naandika mara moja, msome kwa zamu, halafu mniache nitengeneze redio za watu.

Chanzo mnakijua, ila narudia kwa ajili ya waliohamia juzi. Nilikaa Dar es Salaam miezi kumi na mitatu nikitengeneza spika za kumbi za harusi. Mke wangu Somoe alibaki hapa. Kila Ijumaa nilimpigia simu, nikamwuliza, "Mmekula? Mvua imenyesha? Haya." Nikajiona mume mwema kabisa. Niliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwenye meza yangu ya kazi kuangalia kama bisibisi zimeota kutu. Siku ya tatu Somoe akafunga begi.

"Miezi kumi na mitatu," akasema, "hukusema hata siku moja kwamba umenikumbuka. Haya, kaa na bisibisi zako."

Akaenda kwao Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Mimi nikanuna. Miezi miwili nilinuna hapa dukani, nikijiambia hasira zake zitaisha zenyewe. Kisha muuza samaki mmoja akaniletea maneno ya mama mkwe wangu, Bi Zuhura: nije na mshenga kabla mwezi haujaandama, la sivyo nipeleke talaka. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Kutoka hapa mpaka Kitaya ni mwendo wa asubuhi moja, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi, na hapo ndipo nilipokosea mwanzo.

Ufukoni: tunachelewa kabla ya kuondoka

Mshenga hakuwa tatizo. Nilikuwa na ami yangu, Ami Bakari wa Shangani, karani mstaafu ambaye hajawahi kukutana na mkusanyiko wa watu asiuhutubie. Mnajua mambo yetu yalivyo: mume aliyekimbiwa hasemi mwenyewe. Anakaa kando, macho chini, na mshenga ndiye anayebeba maneno. Kwa mtu kama mimi utaratibu huo ni neema.

Usafiri nao ukajileta wenyewe. Nuri mnamfahamu, yule Mturuki anayefunga mashine za kubangulia korosho. Kwao ni Sivas, katikati ya Anatolia, mahali ambapo bahari ni habari ya kusikia tu. Alikuja dukani mara ya kwanza na ala yake ya nyuzi, yenye shingo ndefu na tumbo dogo, wanaiita sazi, waya wa kipaza sauti umekatika. Nilimtengenezea, na tangu siku hiyo hakuondoka. Huja jioni akakaa kwenye benchi, akapiga, akaimba, machozi yakamtoka, akayafuta, akaomba chai.

Nyimbo zake zote ni za watu kuachana. Upo wa kijana aliyechukuliwa jeshini. Upo wa mume aliyekwenda kufanya kazi Ujerumani, mkewe anaigombeza treni. Upo wa makorongo wanaopita juu angani, mtu anawaomba wapeleke salamu kijijini. Siku moja nilichoka, nikamwuliza kama kwao hawana wimbo wa harusi. Akasema wanazo, nyingi, na bibi harusi analia humo mwanzo mpaka mwisho kwa sababu anamwacha mama yake. Kule kuwa mbali na kwenu wanakuita gurbet, na wanakuimbia kama maradhi ambayo kila nyumba ina mgonjwa wake.

Alikuwa amesikia kwamba wanawake wa Ruvuma wana nyimbo za waume waliovuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha, akawa ananisumbua nimpeleke. Nilipomweleza shida yangu alisimama. "Mimi nataka wimbo. Wewe unataka mke. Gari moja. Washa!"

Msimcheke. Kiswahili chake chote alikipata kiwandani, kutoka kwa mafundi waliokuwa wakipigiana kelele juu ya mashine, kwa hiyo hakuna sentensi yake isiyokuwa amri.

Tulikubaliana kuondoka saa mbili asubuhi. Saa mbili Nuri alikuwa anachemsha chai. Ana birika la ghorofa mbili, chini maji, juu majani, na hakuna nguvu duniani inayoweza kuliharakisha. Akanywa vikombe vitano vidogo, akaosha birika, akalifunga kwenye taulo, akalipakia nyuma ya pikapu yake pamoja na sazi ndani ya sanduku lake jeusi. Tulitoka saa nne.

Shangani: Ami anavaa

Ami Bakari alikuwa tayari, isipokuwa hakuwa amevaa. Alitoka na kanzu ya hariri, akajitazama kwenye kioo cha gari, akarudi ndani. Akatoka na kanzu nyeupe na koti. Akarudi kubadili kofia. Majirani walikuwa wamejipanga ukutani kumsindikiza, maana alikuwa amewatangazia wote kwamba anakwenda kuokoa ndoa. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndani ya gari alitufanyia mazoezi ya hotuba. "Nitawaambia hivi: tumepotelewa na mbuzi wetu, na nyayo zake zimeishia kwenye ua huu."

"Mbuzi yupi?" akauliza Nuri.

"Hakuna mbuzi. Mbuzi ndiye Somoe."

Nuri akanitazama kwa huruma. Nikamwambia ndivyo wazee wanavyosema. Akasema kwao mke ni swala, au mpopla, mti mrefu mwembamba wa kwao, na kwamba mbuzi ni mbuzi. Kisha Ami akakumbuka hajala. Tukashuka kula pweza kwa ndimu, ikaingia adhuhuri, tukasali, na tulipoiacha bahari nyuma jua lilikuwa limeshapinda. Siku ya kwanza ikaenda hivyo.

Shangani mpaka Mahurunga: salfa

Wakati ule mikorosho ilikuwa inatoa maua, na wakulima walikuwa mashambani na pampu zao za mgongoni wakipuliza salfa. Mliolelewa mjini mjue kwamba salfa ni unga wa njano unaozuia ukungu kwenye maua, na unapopulizwa haujali mpita njia. Nilisema tufunge vioo. Ami akasema joto. Nuri akasimamisha gari kabisa, akatoa kichwa nje, kwa sababu alimsikia mkulima anaimba.

Mkulima alikuwa anaimba tangazo la sabuni. Lakini alipoona mgeni amesimama kumsikiliza alifurahi, akageuka na pampu yake inanguruma, akatufunika wote watatu.

Sisi wawili tulikung'uta. Kanzu ya Ami haikung'utiki. Alikuwa wa njano kuanzia kofia mpaka viatu, akinuka kibiriti, na alisema kwa sauti ya chini sana, ambayo ni hatari zaidi kuliko ya juu, kwamba mshenga haingii ukweni akiwa na rangi ya embe. Kanzu lazima ifuliwe. Tulifika Mahurunga, akatafuta mahali pa kufikia kwa rafiki yake fundi cherehani, akavua kanzu, akajifunga msuli wa kuazima. Ilifuliwa mara tatu. Unjano ulipungua, harufu ikabaki palepale.

Mahurunga: bao

Asubuhi ya siku ya pili kanzu ilikuwa bado mbichi. Ami akakaa barazani kwa fundi cherehani kuisubiri, na pale barazani palikuwa na bao.

Sitaki kueleza sana, bado linaniuma. Alicheza la kwanza akafungwa. Akasema, "Hilo lilikuwa la kupasha mikono." Akafungwa la pili. Kanzu ikakauka, ikapigwa pasi, ikatundikwa msumarini mbele ya macho yake, na yeye anahamisha kete. Nilimkumbusha mwezi. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Mwanangu, siwezi kwenda kuzungumzia heshima ya ukoo huku nimeiacha imelala kifudifudi hapa."

Mimi na Nuri tulikaa pembeni tukila ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na chumvi. Nilisahau kumwambia kwamba unaivuta kwa meno ukaacha maganda. Alikuwa ameshatafuna maganda ya sahani nzima na kusema ni chakula chenye nguvu. Hapo nilimwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza dukani.

"Mkeo Elif, huko Sivas, ulimwambia kwamba unamkumbuka?"

"Hapana."

"Miaka miwili yote uko huku?"

"Kwetu hatumwambii mke. Aibu. Tunaiambia milima."

"Na milima inamfikishia?"

Gari la mkaa likapita, vumbi likatulia. "Haifikishi," akasema.

Akanieleza kwamba humpigia Elif kila Jumapili. Humwuliza kama theluji imeanza na kama kuni zipo, basi anakata. Niliona haya kwa niaba yetu wote wawili, maana mtu yule alikuwa na nyimbo mia za kumlilia mwanamke na hajawahi kumwambia mwenyewe neno moja. Mimi hata wimbo sikuwa nao.

Siku ya tatu, yaani ya mwisho, Ami alikuwa amefungwa mara kumi na moja, ameshinda mara moja, na anadai bahati imeanza kugeuka. Saa nne nilimwambia tunaondoka. Akasimama. Nikafurahi. Kumbe amesimama ili avue kofia. Akamvisha Nuri kichwani.

"Wewe sasa ndiye mshenga," akamwambia. "Mbuzi, nyayo, ua. Usisahau."

"Sawa, mkuu," akasema Nuri, akapiga saluti.

Mahurunga mpaka Kitaya: mchanga na siafu

Njia inafuata bonde la mto na mchanga wake hauna simile. Mara mbili tulinasa tukajinasua. Mara ya tatu, Kitaya iko karibu kiasi cha kusikia majogoo, pikapu ilikaa chini ikakataa. Kina mama waliokuwa wanatoka kuchota maji walitusukuma kidogo, wakacheka sana, wakauliza huyu Mzungu mbona ana kofia ya msikitini. Nilisema si Mzungu, ni Mturuki. Wakasema sawa, Mzungu anayesali. Gari halikutoka.

Ilikuwa imeshapita saa nane na mwezi ungeandama jioni ile. Tukashuka kwenda kwa miguu. Nuri alikataa kuiacha sazi, akabeba lile sanduku refu jeusi begani. Karibu na kijiji nikamwambia atangulie, aulizie nyumba ya Mjomba Issa, mjomba wake Somoe, maana kesi za ukoo wao zinafikia kwake na ndiye mwenye neno. Mimi nikaingia kichakani kuvaa kanzu yangu safi ili nisifike na jasho.

Niliivaa nikiwa nimesimama juu ya njia ya siafu. Nitasema tu kwamba niliivaa na kuivua mara nne, na kwamba mara ya nne sikuwa na kitu kingine mwilini. Nadhani ilinichukua karibu saa nzima.

Kitaya: msiba

Yaliyotokea kijijini wakati ule niliyapata baadaye kwa mashahidi, nayapanga hapa yalivyokuwa.

Nuri aliingia Kitaya peke yake, amevaa kofia ya Ami, amechoka, uso mwekundu, sanduku refu jeusi begani. Watu wa kwanza aliokutana nao aliwaamuru, "Onyesha nyumba ya Mjomba Issa!" Wakamwuliza kuna nini. Akajibu, "Nimemleta Saidi. Mume wa Somoe." Wakatazama nyuma yake, hakuna mtu. Wakatazama sanduku.

Walimpeleka kimya. Mjomba Issa alikuwa amelala chumbani, mguu umevimba, hakusikia hodi. Nuri akapewa mkeka na maji kwenye chumba cha mbele. Alipokuwa peke yake akaona njia nzuri ya kunisubiri ni kupiga wimbo. Sasa, katika nyimbo za kwao kuna aina moja ndefu isiyo na mdundo. Inaanza kwa mtu kutoa sauti moja kali kutoka tumboni, anaipandisha, anaivunjavunja, anaiteremsha taratibu mpaka pumzi inakatika. Kwangu dukani nimeizoea kiasi kwamba naweza kuunga waya nikiisikiliza. Kitaya hawajaizoea. Kitaya mwanamume mzima akitoa sauti ile ndani ya nyumba, maana yake ni moja tu.

Mimi nilitokea kwa nyuma, kwenye ua wa jikoni, nikiwa najikuna. Mwanamke mmoja kijana wa nyumba ile, mke wa mtoto wa Mjomba Issa ambaye alikuwa hajawahi kuniona, alinipokea kwa adabu. "Karibu, baba. Poleni na msiba." Akaniwekea mihogo ya kuchemsha. Nikamwuliza kafa nani. "Sijui, baba, nasi tumesikia kilio tu."

Nilijua ni Mjomba Issa, maana nilikuwa nimesikia anaumwa. Nikamwonea huruma, kisha nikajionea mwenyewe, maana nani sasa angesikiliza kesi yangu kabla ya jioni? Nilikuwa na njaa ya tangu asubuhi, nikaila mihogo kwa huzuni. Wanawake walikuwa wanaingia mmoja mmoja, kanga kichwani, huyu na unga kwenye ungo, yule na mzigo wa kuni, wanaweka, wanakaa, wanaanza kulia. Wanaume walikuwa wameshatandika mikeka nje, na mtu alikuwa ametumwa msikitini kuuliza jeneza. Sauti ya Nuri ndani, ambayo mimi nilidhani naye analilia msiba, ikaona inaungwa mkono, ikapanda zaidi. Alituambia baadaye kwamba katika maisha yake yote hajawahi kupata wasikilizaji wanaoelewa kiasi kile.

Ndipo mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Mjomba Issa akatoka akiegemea fimbo, shuka kiunoni.

"Nani kafa hapa kwangu?" akauliza. "Mie nnaumwa mguu tu!"

Waliokuwa karibu naye walipiga yowe. Bibi mmoja aliruka unga wa watu. Mwingine, aliyekuwa amefikisha habari nyumba kumi, akasema kwa hasira, "Kama si wewe, basi ni nkwe wenu, kaletwa na Mzungu, yumo mle sandukuni!"

Na Somoe alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa kwenye bustani ya mboga huko mtoni. Alikuja mbio, miguu ina tope, kanga imeanguka njiani, anapita katikati ya watu bila kuwaona. Hakuelekea kwangu. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile sanduku jeusi lililosimamishwa ukutani, akalikumbatia, akapiga magoti.

"Saidi! Saidi mume wangu! Umekwenda hujaniambia neno! Nami nilikuwa nakungoja, nilikuwa nakungoja kila siku, mjinga wewe!"

Ndugu zangu, nilikuwa nimesimama mlango wa uani, sahani mkononi, muhogo mdomoni. Sijui kama mtu aliye hai ana haki ya kusikia maneno yale. Nilimeza, nikasema, "Somoe. Nipo."

Aligeuka. Akanitazama juu mpaka chini, kanzu iliyovaliwa nje ndani, uso ulioumwa na siafu, sahani. Machozi yakamkauka hapohapo.

"Kumbe mzima," akasema. "Na mihogo unakula!"

Alichukua ungo uliokuwa karibu akanitupia, wote na unga wake. Sikukwepa.

Kitaya bado: hukumu

Mjomba Issa alisema kwa kuwa watu wamekusanyika na mwezi bado, kesi isikilizwe sasa hivi. Nikakalishwa kando, mweupe wa unga, macho chini. Mama mkwe, Bi Zuhura, alikaa upande wa pili wa ukuta wa makuti, kama heshima inavyotaka, mkwe na mkwe wasitazamane. Waliokuja msibani hawakuondoka hata mmoja.

Mjomba Issa akauliza, "Mshenga yuko wapi?"

Nuri akasimama, akanyoosha kofia. "Kaeni!" Watu waliokuwa wameshakaa wakakaa vizuri zaidi. "Sikiliza! Tumepoteza mbuzi. Nyayo, ua. Huu ua. Rudisha!"

"Mbuzi?" akasema Somoe kutoka kwenye kundi la wanawake. "Mbuzi ni mimi?"

Nuri akachanganyikiwa. Ni mtu wa kweli, hawezi kusimamia jambo asilolijua. "Mimi sina mbuzi," akakiri. "Mbuzi ni ya mzee. Mzee anacheza bao."

Baraza lilivunjika mbavu. Mjomba Issa mwenyewe alishika mguu wake unaouma kwa kucheka. Nikajua nimekwisha. Ndipo sauti ya Bi Zuhura ikatoka nyuma ya makuti, taratibu.

"Mwulizeni huyo mgeni, alikuwa anamlilia nani mle ndani?"

"Mke wangu," akasema Nuri. "Elif."

"Kafa?"

"Hapana. Yuko nyumbani."

"Na hayo mayowe, mkewe anayasikia?"

Nuri akaniangalia aone kama naweza kumsaidia. Sikuweza. "Hapana, mama. Naiambia milima."

"Huku hakuna milima," akasema Bi Zuhura. "Una simu? Kampigie. Nasi tumshughulikie nkwe wetu, naye ni wa namna hiyohiyo."

Kule mtandao unashika wa Msumbiji, simu inakukaribisha nchi ambayo hujaingia. Nuri alipanda juu ya kichuguu nyuma ya nyumba. Tukawa tunamsikia kwa mbali akisema kwa Kituruki, akasita, akasema tena, kisha akaimba kipande kidogo kwa sauti ya kawaida, bila mayowe. Akashuka, simu bado mkononi. Nilimwuliza Elif kasema nini. "Kasema nirudie," akajibu.

Lakini kabla hajashuka, Somoe alikuwa amesimama mbele ya Mjomba Issa. Akasema hataki mshenga. Akasema ameletewa maneno ya mbuzi na maneno ya mvua vya kutosha, na kama mume wake ana la kusema, aseme mwenyewe, hapa, sasa.

Watu walishtuka. Mume kumweleza mkewe mambo ya moyoni mbele ya ukoo, na mama mkwe yuko nyuma ya makuti anasikia, ni aibu ambayo hata kuisimulia naona joto masikioni. Mjomba Issa akasema hilo si desturi. Somoe akasema basi na mwezi uandame. Nikatazama nje, jua limeshashuka mpaka kwenye migomba.

Nikasema. Sikusema vizuri. Nilisema kwamba kule Dar kila Ijumaa, kabla ya kupiga, nilikuwa naandika kwenye kipande cha karatasi ya boksi yale niliyotaka kumwambia. Kwamba chumba kina joto lakini nalala upande mmoja wa kitanda kama vile yupo. Kwamba nikipita sokoni nikaona kanga nasoma maneno yake nikijiuliza angecheka lipi. Halafu nikisikia sauti yake kwenye simu naogopa nitalia na mafundi wenzangu wanisikie, basi nauliza mvua. Niliporudi nikakimbilia bisibisi kwa sababu hiyohiyo. "Nilikukumbuka, Somoe. Kila siku. Hata sasa hivi hapa ulipo nakukumbuka. Ni hayo."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya makuti nilisikia mtu anapenga kamasi.

Somoe alijifuta tope mkononi. "Hayo," akasema, "ungeyasema Ijumaa moja tu."

Kisha akaniambia nisidhani nimeshinda. Talaka haitaki. Lakini yeye amekaa miezi kumi na mitatu akinikumbuka bila malipo, kwa hiyo mimi nirudi Ufukoni peke yangu, nikae siku kumi, na kila siku nipige simu nimwambie nilichohisi, na akisikia neno mvua, atakata. Mjomba Issa akagonga fimbo chini, shauri limekwisha.

Likabaki suala la unga. Unga uliopelekwa msibani haurudishwi nyumbani, na msiba haupo. Mjomba Issa alidai ni wake, maana yeye ndiye aliyeliliwa kwanza. Mimi nilisema tulililiwa wote wawili. Mwisho ukapikwa wote, ugali wa muhogo na samaki wa mtoni, tukala kijiji kizima, na wanawake wakamwimbia Nuri zile nyimbo za waume waliovuka. Alirekodi zote. Akawauliza kama waume hao wamewahi kuzisikia, wakacheka mpaka wakashikana.

Kurudi

Vijana wa Kitaya walilinyanyua gari mchangani asubuhi, tukapita Mahurunga. Ami Bakari alikuwa palepale, kanzu ukutani. Akauliza mambo yamekwendaje. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamwambia fundi cherehani kwamba ile hotuba ya mbuzi haijawahi kumwangusha.

Siku kumi zile hamkuniona barazani, na sasa mnajua kwa nini. Siku za kwanza nilipiga simu nikajikwaa kama mtoto anayesomeshwa. Siku ya tano niliongea mpaka chaji ikaisha. Siku ya tisa hakuja kwenye simu, akapokea mama yake, akasema tu, "Kesho," akakata. Sikulala.

Jana asubuhi pikipiki ya miguu mitatu ilisimama mbele ya duka. Somoe akashuka na begi lake. Nyuma yake akashuka Bi Zuhura, na mkeka wake, na kuku wawili, na sufuria. Amesema amekuja kuhakikisha. Hakusema kuhakikisha nini, wala lini atamaliza. Kwa kuwa siwezi kula mbele ya mama mkwe, chakula nakulia nyuma ya nyumba kwenye ndoo iliyopinduliwa, na kuku wale wawili wananitazama.

Lakini pale barabarani, watu wote wa Ufukoni wakiwa madirishani na Bi Zuhura amesimama karibu yangu kiasi cha mkono, Somoe hajatua hata begi, nilimwambia kwa sauti kwamba nimefurahi amekuja na kwamba nyumba ilikuwa haikaliki bila yeye. Masikio yaliniwaka moto. Bi Zuhura akageuza uso ukutani, akasema, "Haya, nimesikia. Rudia."